Toleo la Nne

Umenijia dukani Luthuli, Mutinda,
diski umeizungushia karatasi ya unga,
ukauliza swali moja tu:
mbona Toleo la Tatu lina seva za mashabiki, tatu au nne,
na la Sita lina moja huko ughaibuni isiyolala,
na letu, la Nne, halina hata kibanda?

Kaa. Sogeza hizo chaja.

Kwanza, ulicho nacho ni nusu.
Diski ni mtu anayeongea kwa simu ndani ya lifti:
unamsikia, "Eeh… hapana… mlango upi?"
Wa upande wa pili humsikii.
Na huyo ndiye aliyejua joka limebakiwa na damu kiasi gani,
nani ana deni sokoni,
mvua itanyesha saa ngapi juu ya Daraja la Chumvi.
Alikaa kwenye chumba chenye baridi, nchi tusiyokuwa na viza yake,
na Jumanne moja wakamzima.
Hawakuandika "kwaheri". Waliandika "matengenezo".

Wanaofufua seva si wachawi.
Ni wadukuzi wenye subira.
Hutega sikio mazungumzo yangali hai,
wakanakili kila jibu, kila kikohozi,
ili siku mwenyewe akinyamaza
wamwigize sauti.
Sasa niambie, mwaka ule nani alitega sikio?

Wewe? Ulikuwa kidato cha pili,
shilingi moja kwa dakika kwa Mama Nekesa pale Ngara,
ya thelathini ikitimia anakugusa bega kwa rula.
Mimi nilikuwa mashine namba saba, ile isiyo na herufi J.
Nilitaka kuitwa Jabali,
nikaishia kuwa Abali.

Na toleo lenyewe liliishi miezi mitano.
Kwetu kuna albamu:
kifungua mimba ana picha arobaini, hata ya jino la kwanza;
kitinda mimba ana video;
mimi wa katikati nina moja,
na hapo sikio limekatwa na fremu ya mlango.
Toleo la Nne ndilo mimi.
Walilililia la Tatu, wakalingoja la Tano,
hili wakalitukana: mto umeongezwa bure, pinde zimedhoofishwa.
Nani hupiga picha kitu anachokitukana?

Halafu kufuli. Walizibadilisha mara tatu;
ukimaliza kuchonga ufunguo, mlango umehama.
Halafu kompyuta zilijisasisha usiku,
jipya likapakwa juu ya la kale
kama ukuta wa duka kila mpangaji anapobadilika.
Tuliuacha mbacha kwa msala upitao,
na msala ukapita.

Hii yako imepona kwa ubahili tu:
Mama Nekesa alizima masasisho, intaneti isimle faida.

"Basi tuijenge wenyewe."
Naweza. Usiku wa miaka miwili, pengine mitatu,
nikibahatisha majibu ya mtu nisiyemsikia.
Mto nakumbuka ulikopinda.
Bei ya chumvi nitaibuni, na nitakosea,
na hakuna atakayejua nimekosea
ila wewe, usiku, ukiwa na vipande kumi vya chumvi mkononi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, Mutinda.
Na tukimaliza tutacheza na nani?
Soko zima litasimama tupu
kama Gikomba asubuhi ya Krismasi.

Haya, ilete.

Ukungu. Zile ngoma mbili. Kisanduku cha jina.
Kibodi hii ina J,
lakini vidole havikuitafuta.
Neno la siri nalo limekuja lenyewe,
jina la mbwa wa jirani yetu wa zamani.
*Inaunganisha*, inasema. Nukta tatu, zinatokea, zinafutika.
Kwa jirani wameshateremsha mabati,
askari wa jengo amepita mara ya pili na tochi.
Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

Umevuta kiti karibu.
"Iache kidogo," unasema.