Zamu Yangu ya Kupimwa

Simama hapo, Sivert amesema,
penye msalaba wa gundi sakafuni.
Akarudi nyuma hadi mstari mwekundu,
mita moja kamili, si pungufu hata kidole,
akaninyoshea mashine yake shingoni.
Usipumue kwa nguvu, akatania.
Mashine haijali pumzi. Najua.
Nimeishika miaka kumi na minane.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mvua ile iliponyesha
Snåsa, majira theluji inapooza,
mvua tu, haina rangi, haina harufu;
mama akaanua nguo, akalaani, akazianika tena.
Kuvumwani juu ya mawe, isiyo na mizizi,
isiyokula ila kishukacho toka juu,
ikainywa yote.
Kulungu wa theluji akala kuvumwani,
nasi tukala kulungu.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Chetu kilikwishaipita nguo.

Vuli ile nyama ikapakwa rangi ya buluu
asije mtu akaila, ikafukiwa kwa tingatinga.
Baba hakulia. Alihesabu: mia mbili na kumi na mmoja.
Usiku nikamsikia ukutani akihesabu upya,
safari hii kwa alama za masikio.

Ndipo nikajifunza.
Pembe mkono wa kushoto, goti ubavuni,
kasha la chuma pajani mwa mnyama;
ndani ya kasha fuwele ya iodini imelala gizani
na kila mwale upitao unaiamsha,
inameta mara moja, cheche isiyoonwa na jicho,
waya unaihesabu.
Dakika nzima. Tulia, mpenzi, tulia.
Bekereli elfu tisa: rudi zizini,
kale majani safi, lamba chumvi ya buluu,
tuonane baada ya wiki sita.
Elfu mbili: nenda.
Na kwenda kulikuwa kwenda kisuni.
Aliyefaulu kipimo ndiye aliyechinjwa.

Kisha uvimbe, upande wa kulia wa koo,
mdogo kama njegere, mgumu kama kifungo.
Wakaukata. Mabaki, akasema Daktari Fossmo,
tutayafuata kwa iodini.
Nikacheka. Ipi, ile ya kwenye kasha?
Ndugu yake, akasema. Yenye moto.
Dawa ya moto ni moto, basi.
Kikaletwa kijungu cha risasi kizito kama mtoto aliyelala,
na ndani yake kidonge, chepesi, cha kudharauliwa.
Nikameza. Akatoka upesi, kwa adabu.

Siku tatu, dirisha moja, mto Nidelva chini.
Sahani za karatasi. Maji, maji, maji.
Choo nakivuta mara mbili kama nilivyoagizwa.
Maajja akapiga simu: Mama, unawaka?
Kidogo, nikamwambia, nimezima taa naisoma gazeti.
Uongo. Haionekani. Hilo ndilo lililotusumbua tangu mwanzo.

Iodini hujipunguza nusu kila siku nane,
nusu, na nusu ya nusu,
kama deni la mtu mwaminifu.
Sesiamu hungoja miaka thelathini ndipo ilipe nusu ya kwanza.
Mama hakuifikia.

Sivert anangoja namba itulie.
Uso ule naujua, niliuvaa mimi:
kope hazipepesi, mdomo umefungwa.
Sikuwahi kumwambia kulungu hata mmoja namba yake.
Isome kwa sauti, nikasema.
Akashangaa. Akasoma: kumi na tisa.
Ni kidogo, akaongeza, ni kidogo sana. Nenda.

Magoti yakalegea
kabla akili haijakumbuka
kwamba hapa neno hilo lina mlango mwingine.

Nikachukua koti. Nje ilikuwa ikinyesha,
mvua tu.
Nikasimama chini ya paa la mlangoni
kitambo, mkono nje, kiganja juu.