Tafuta y

Mwalimu Kasubi alitaka kila mtu atunge fumbo la hesabu
la fedha, la nyumbani kwao, lisilotoka kitabuni.
Nikaandika kwa mwanga wa koroboi, Urambo, msimu wa malipo ya tumbaku:

Baba alilipwa shilingi y.
Theluthi alilipa deni la mbolea.
Robo ya zilizobaki akanunua bati.
Nusu ya zilizobaki tena, ada ya Mihayo.
Akamkabidhi mama elfu tisini. Tafuta y.

Ndivyo alivyotusimulia mwenyewe, akinawa mikono,
na mama akaitikia, eeh, eeh, akichuja togwa.

Nilianzia mwisho, kinyumenyume,
kama mtu anayeaga mbele ya mtemi.
Tisini mara mbili, mia na themanini.
Hizo ni robo tatu: basi mia mbili arobaini.
Hizo ni theluthi mbili: y ni mia tatu sitini.
Nikapiga mstari kwa rula.

Lakini stakabadhi ya chama, iliyochomekwa kwenye fito za paa,
ilisema mia nne kamili.

Nikarudia. Nikarudia hadi kifutio kikatoboa karatasi.
Zile elfu arobaini
hazikuwa na kiasi wala asili.

Mama akaja, akasoma polepole, midomo ikicheza.
Akaichomoa stakabadhi, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane,
akaitia kwenye kopo la chumvi.
“Jibu lako ni sahihi,” akasema. “Lala.”

Kesho yake mwalimu aliweka vema ya wino mwekundu,
akaniita ubaoni
niwaonyeshe wenzangu njia.