Ramani ya Mfuko wa Saruji

Tuliichora nyuma ya mfuko wa saruji
kwa penseli ya Onzima, ya darasa la nne;
kifutio kikaisha kabla choo hakijapata mahali.

Acidri anataka sebule ya wageni arobaini.
Namuuliza: arobaini hao nawapikia wapi?
Anasukuma ukuta. Stoo inameza kona ya jiko.
Nami nalirudisha jiko, na dirisha litazame njia,
nijue nani anakuja kabla chai haijachemka.

Mama mkwe hasomi ramani. Aliuliza moja tu:
"Mlango wangu unatazamana na wenu?"
Tukatazamana sisi.
Tukafuta tena, kwa kidole na mate.

Jumamosi tukapanda boda hadi kiwanjani, nje ya Arua:
vigingi kumi na sita, kamba ya katani,
futikamba ya kuazima.
Lo! Nyumba ikawa ndogo kama mkeka.
Sebule ya wageni arobaini, hatua zangu sita.
Onzima akalala chali chumbani mwake,
miguu ikatokea koridoni.
"Nitakunja magoti," akasema.

Acidri akapima upya. Kamba haikuongezeka.
Pesa vilevile.

Ndipo mama mkwe akaja na mihogo ya kuchoma.
Angeweza kuvuka kamba popote,
haikufika hata kifundo cha mguu.
Akaizunguka nyumba nzima, taratibu,
hadi pale tulipoacha nafasi ya mlango,
akavua viatu,
akapiga hodi.