Mvua ya Mafuta

Filamu ya Mundhir ina dakika kumi na moja
na mvua moja,
na mvua yenyewe kaitengeneza kwa mpira wa bustani,
Nizwa, mwezi wa Oktoba, nyuzi thelathini na tisa,
picha tupu, haina sauti.
"Sauti nitafutie wewe," akaniambia,
kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Dakta Selvaraj anatufundisha kusikia.
Siku ya kwanza alituketisha studio, midomo imefungwa,
tukanasa dakika nzima ya chumba,
akatuonyesha kwenye skrini mstari mwembamba
unaotweta kama ubavu wa mjusi.
"Mnaona? Hakuna kimya. Kuna kiyoyozi,
kuna taa, kuna tumbo la Taimur."
Tukacheka. Kicheko kikapanda mpaka kwenye wekundu,
kikakatika vichwa.
"Na hicho sasa," alisema, "hakina dawa."

Tangu hapo sili kwa amani.
Nautambua mlango wa friji kwa umbo la wimbi lake,
na herufi pe, inavyoipuliza maikrofoni usoni.

Alhamisi nikateremka nyumbani, Ibra,
na kinasa sauti cha chuo nilichokitilia saini karatasi mbili.
Mama anakaanga sambusa.
Nikaishika maikrofoni juu ya karai, shibiri mbili,
nimeivisha soksi isile mvuke.
"Unayapima homa mafuta?"
"Nanasa mvua, mama."
Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Usiku nikahariri.
Nikazishusha sauti za chini, nikautoa mwiko ulipogonga karai,
nikapunguza, nikarefusha,
nikazipanga sambusa ishirini na nne
hii juu ya hii, kushoto, kulia,
mpaka chumbani kukanyesha.
Nikamvika mama vipokeasauti. Akafumba macho.
"Rasharasha hii," alisema. "Inatokea mbali.
Lakini bati liko wapi?
Wete sisi hatukuisikia mvua, tulilisikia bati."
Nikaenda jikoni, nikaleta sinia kuukuu,
nikalimiminia mchele, punje kwa punje, saa sita usiku.
"Haya," alisema, "sasa inanyesha,"
akavivua, akarudi kwenye vyombo vyake.

Halafu, Desemba, wiki moja kabla ya kuwasilisha kazi,
mvua ikaja yenyewe, mchana kweupe.
Nikatoka mbio hadi kibarazani, miguu mitupu,
kinasa sauti nimekikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Dakika saba.

Studio nikawachezea zote mbili, bila kusema ipi ni ipi.
Ile ya Mungu ilitoka kama televisheni isiyoshika stesheni.
"Hapana," Mundhir akasema. "Hiyo ya pili ndiyo mvua!"
Darasa zima likaunga mkono sambusa.
Dakta Selvaraj peke yake aliinamisha kichwa,
akasubiri mpaka mwisho, akaniuliza taratibu:
"Alizeti, au mahindi?"

Nilipata alama nzuri. Filamu imeshaonyeshwa,
watu wawili watatu wameniambia walihisi baridi.

Ile nyingine sijaifuta.
Sekunde ya arubaini na tatu kuna sauti ya mtu,
kosa la kwanza tulilofundishwa kuliondoa.
Mama, ambaye sokoni ni Kiarabu, hospitali ni Kiarabu,
hata na majirani wa mlango wa pili ni Kiarabu,
anapiga ukelele kutoka juu darini:
"Anueni nguo! Jamani, anueni nguo!"

Nimejaribu kuitenganisha sauti na mvua.
Haitoki. Nikiikausha mvua, naye anafifia;
nikimwinua yeye, mvua inapanda naye.
Basi nimeiacha ilivyo.

Na siku ile kambani hapakuwa na nguo hata moja.
Kamba yenyewe haipo.
Tuna mashine ya kukaushia tangu mwaka juzi.