Ukucha Unaponasa

Mistari ya kijivu, kumi na miwili nimeihesabu,
ndani ya sinki la nyumba ya reli, Tabora.
Nilidhani kauri imechanika.
Kalunde akacheka: "Haya si makovu, shoga.
Ni sufuria imeacha ngozi yake hapa."

Magadi, limau, kipande cha kanga kuukuu.
Taratibu, kwa mduara,
kama unamwogesha mtoto wa siku saba.
Mistari ikaondoka,
kitambaa kikawa cheusi.

Umebaki mmoja, mfupi, karibu na tundu.
Ukucha ukipita, unanasa.

Huo si wa sufuria.
Ni wa waya wangu wa kusugulia,
Jumapili ile, wakwe wameshashuka stesheni,
na mimi nataka nyumba ionekane
haijawahi kukaliwa.