Viganja Sita na Nusu

Muuguzi wa Uvinza ana sauti ya mwalimu wa hesabu.
Alikamua tyubu juu ya kidole chake cha shahada:
"Kutoka hapa nchani mpaka kiungo cha kwanza.
Mstari huu mmoja unatosha viganja viwili vya ngozi.
Usizidishe. Hii si siagi."

Nikaanza kujihesabu kwa viganja.
Kiwiko, nusu. Kiwiko cha pili, nusu na ushei.
Magoti, viwili.
Mgongo, sijui.
Mgongo wangu sijawahi kuuona.

Akaandika jina daftarini: soriasisi.
Nikalisoma kama jina la kituo cha reli
ambacho treni haisimami.
Chini yake, kwa kalamu ileile, akaandika
Hauambukizi.
Kisha, Hauishi, ila hutulia.

Kazini nakokota chumvi kwa reki.
Hakuna anayeuliza weupe ulio begani mwangu,
wote tuna weupe begani.
Nimejificha ndani ya chumvi miaka tisa.
Nyumbani ndiko shuka husema kweli:
kila asubuhi nafagia kitanda kabla ya sakafu.

Mama alinipaka mawese ya vuguvugu.
Ngozi ililainika, sikatai,
lakini mashuka yakawa rangi ya machungwa
na nzi wakanipenda.
Mjomba akataja jina la jirani.
Kinyozi akasema mashine haina chaji,
halafu, sijafika hata mlangoni, nikaisikia ikinguruma
kichwani kwa mtoto wa mwenzangu.

Tyubu ilitoka Kigoma mjini, kwa mkono wa kondakta,
imeviringwa kwenye gazeti.
Bei yake, siku nne za reki.
Nilipaka nyembamba, kama nilivyoagizwa,
na wiki ya tatu viwiko vikanyamaza.
Palipokuwa na gome pakabaki doa tu,
kama mahali sufuria lilipowahi kukaa.

Ila mgongo.
Mkono wangu wa kulia unaishia njiani,
wa kushoto vilevile.

Butoyi akaja kutoka Kasulu bila kuitwa.
Mimi ni Bukuru, nilimtangulia kwa dakika chache
na tangu hapo sijui nimemtangulia kwa nini kingine.
Tumbo moja, ziwa kwa zamu, sabuni moja.
Tulipotimiza miaka kumi na sita
alipigilia msumari wa pili ukutani,
wa taulo lake.

"Lala," akasema.
Nikalala kifudifudi.
Alikuwa amevaa mfuko wa mkate mkononi.
Ukachakarika mgongoni, cha, cha,
mara ukatulia.
Nikausikia ukianguka sakafuni, mwepesi,
na baada yake kiganja:
kina joto, kina sugu za jembe,
kinapita taratibu pale ambapo hata mimi sijafika.

Akahesabu kwa sauti, kama tulivyohesabu gololi.
Moja. Mbili. Tatu.
"Sita na nusu," akasema.
"Nimepima kwa changu."
Nikageuza shingo, nikaweka changu juu ya chake.
Havikupishana hata unywele.
"Basi mistari mitatu na robo," nikasema,
kwa sababu ilibidi mtu aseme kitu.

Akatoka kwenda kunawa.
Muuguzi aliagiza hivyo, mpakaji anawe.
Najua.
Hata hivyo nililala nikisikiliza
maji yatamwagika muda gani.

Yakakatika upesi.
Akauliza kutoka uani, "Taulo liko wapi?"

Nikamjibu kuna moja tu.