Bi Mize Hana Kadi

Leo Bibi kaniuliza mara tatu mimi ni binti wa nani.
Mara ya kwanza nilimjibu.
Ya pili nikamjibu.
Ya tatu nikamshika kiganja, nikanyamaza,
naye akaendelea kusuka ukili wake:
vidole vinaijua njia, mwenyewe hajui aendako.

Hapa Limbani surua imeingia nyumba ya nne.
Ya nne ni yetu.
Shaame, kitukuu chake, kadi yake ya kliniki ina pengo:
mama'ke alisema wiki ijayo, kisha karafuu zikaiva,
na wiki ijayo haikuja.
Sasa vipele vimeanzia nyuma ya masikio,
vimeshuka kifuani, vyekundu
kama karafuu za siku ya pili jamvini.

Majirani wanatusalimu wakiwa njiani.
Bibi hakuambiwa. Angeambiwa, angesahau.
Kapanda kitandani, kamlaza mtoto mkononi,
pumzi kwa pumzi.
"Mtoeni! Mzee huyo, atakufa!"
Nikasema, mwacheni.

Maana mie mchana huwa maabara ya hospitali, Wete,
jicho kwenye darubini,
tone la damu limetandwa juu ya kioo.
Nawaona wale weupe tuliowatia rangi,
viini vyao kama midomo ya watoto
walioiba zambarau wakasahau kujifuta.
Huyu mnene hula kila mgeni, hachagui, hana adabu.
Yule mdogo, mviringo,
kapewa ufunguo mmoja tu,
na umri wake wote huzunguka akitafuta kufuli moja.
Wengi hufa hawajalikuta.

Baadhi yao walipita chuoni.
Nyuma ya kidari kuna tezi, na mwalimu wake hana mchezo:
humwonyesha mwanafunzi sura za nyumbani,
ini, figo, ngozi,
na atakayeinua mkono kumpiga wa nyumbani
haambiwi mara mbili. Huambiwa afe, akafa.
Chuo cha Bibi kilifungwa zamani, kimebaki mafuta.
Wanafunzi wachache wangalipo.

Mwaka wa surua yake hakuna aujuaye.
Alikuwa kigori, huko Mtambwe;
nduguye wa kumfuatia, Faki, hakupona.
Na surua ina tabia yake: ikiingia huchoma daftari,
yale mwili ulioyaandika kabla,
kikohozi kile, kuhara kule,
ikaacha ukurasa mmoja wenye jina lake yenyewe.
Huo haufutiki.
Umekaa katika uboho wa mifupa yake miaka sabini,
seli chache zisizolala
zinafua kingamwili kidogo kidogo, kila siku,
kwa adui asiyerudi.

Leo karudi.

Nazisikia, au najidai nazisikia, zikimkuta mlangoni:
Wewe. Tunakujua. Wewe ndiye uliyemchukua Faki.
Hakuna homa. Hakuna kishindo.
Bibi anapiga miayo.

Yeye mwenyewe Faki hamkumbuki.
Nilimuuliza mwaka jana. "Faki gani?" akasema,
kisha akataka kujua kama ukili umeshaloa.

Sitaficha: nauonea wivu ule uboho.
Uliambiwa mara moja.

Mama alipozaliwa alikuwa nayo hiyo kinga,
kaipokea kondoni kama kanga ya kuazima,
miezi michache, ikachakaa.
Mie yangu nimeipata kwa sindano mbili, ninayo kadi.
Kumbukumbu ya damu hairithiwi.
Hukopeshwa, basi.

Siku ya sita Shaame kaamka anataka maji.
Bibi akamtazama, akamtazama sana,
kama yule mdogo mviringo na ufunguo wake.
"Wewe mtoto wa nani?"
"Wako," akasema, koo limemkauka.

Akalipima neno lile.
Akamsogezea kikombe.